Nusu ya Kopo

Amu hapakimbiwi. Mji wenyewe vichochoro, ukikimbia utakumbana na punda kwenye kona, na isitoshe mtu mzima hakimbii mchana ila kuna maiti. Ndiyo maana Muhdhar alipotoka mlangoni mwake baada ya sala ya adhuhuri, kofia mkononi, kanzu ameikunja hadi magotini, akishuka mbio kuelekea pwani, watu wote waliokuwa vibarazani walisimama.

"Inna lillahi," akasema muuza kahawa. "Muhdhar, ni nani tena?"

"Mbwa," akajibu Muhdhar bila kupunguza mwendo.

"Ni nani?"

"Mbwa, mgonjwa. Namwendea daktari."

Wakakaa tena. Mmoja wao alicheka hadi kahawa ikampalia, na wenzake wakampiga mgongoni huku nao wakicheka. Kicheko kile kilimfuata Muhdhar kichochoro kizima. Mtu wa nyumba ya heshima, babu zake wameacha misikiti, leo anakimbilia mbwa kama anayekimbilia mamake. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, lakini hakusimama.

Msimcheke nanyi kabla hamjajua. Mbwa hakuwa wake. Alikuwa wa Mzungu mmoja aliyelima pamba upande wa bara, huko Kililana, na kwa kuwa jina lake halikutamkika, mji mzima ulimwita Bwana Pamba. Muhdhar alikuwa msimamizi wa ghala lake hapa mjini. Sasa Bwana Pamba alikuwa amevuka kwenda kuangalia mavuno, na mbwa hakuweza kumchukua, maana bara kuna mbung'o na mbwa wa Ulaya huko hawaishi. Siku ya kuagana alimshika Muhdhar bega akamwambia, "Pamba ikilowa, tutaianika. Ghala likiungua, tutajenga jingine. Lakini nikirudi nikakuta Tobi hayupo, basi na wewe usiwepo." Wala hakuwa akifanya mzaha. Mtu yule hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na pamba na mbwa, na pamba hakuipenda sana.

Basi Tobi akahamia kwa Muhdhar. Kambwa kenyewe kadogo, keupe, sikio moja jeusi, ukikaona utadhani paka aliyekosewa. Lakini mbwa ni mbwa, najisi ni najisi, na Radhiya, mkewe Muhdhar, alilipokea jambo hili kama mtu anavyopokea mgeni mwenye upele. Alichukua kaa la jikoni akapiga mstari kwenye sakafu ya uwanja wa nyuma. "Upande ule wake," akasema, "upande huu wetu. Akivuka, mimi narudi kwetu Pate." Chakula cha mbwa alikisukuma kwa ufito. Hata hivyo kila asubuhi, akidhani hapana amsikiaye, alisimama upande wake wa mstari na kuuliza, "Umeamkaje, we kiumbe?" Na mbwa naye alitikisa mkia.

Asubuhi ya siku ile hakutikisa mkia. Alikunywa maji yote ya bakuli lake, akataka mengine, akayanywa na hayo. Kisha akaanza kuzunguka, akihema, ulimi nje, akikojoa kila pembe. Kufika adhuhuri miguu yake ilikuwa ikitetemeka, na moyo ukimpiga hadi unauona ubavuni. Radhiya alikuwa na mawazo yake kuhusu sababu, lakini hakumwambia mumewe. Alimwambia tu, "Mbwa wako hali yake si njema," akaingia jikoni akaanza kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

*

Daktari mwenyewe alikuwa Mgoa mmoja aitwaye Fonseka, mwenye duka la dawa pale pwani. Udaktari wake ulikuwa wa kujipatia: alikuwa mpima dawa katika jeshi huko Bara Hindi, akatibu askari, farasi na mbwa wa maofisa, na hapa Amu alitibu watu na punda kwa mkoba ule ule. Alikuja na mwavuli wake, akihema, akaketishwa uwanjani. Muhdhar alitundika pazia kwenye mlango wa jikoni ili Radhiya akae nyuma yake, mwanamke asionwe na mwanamume wa kando, na mazungumzo yaendelee.

Fonseka alikuta ndoo kando ya mbwa. "Hii nini?"

"Mai ya chumvi," ikasema sauti ya Radhiya. "Nimeambiwa chumvi hutapisha. Nilitaka kumnywesha."

"Umemnywesha?"

"Bado. Nalikuwa nikiogopa kumshika."

"Hofu yako imemsaidia. Mwaga. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa." Akapiga magoti bila kujali suruali yake, akamshika Tobi, akamtazama ufizi, akaweka sikio ubavuni. Kisha akamnusa mdomo. Muhdhar akageuza uso.

"Bwana Muhdhar, mbwa amekula nini?"

"Wali na samaki. Kama kawaida."

"Wali na samaki havifanyi hivi, wala havinukii hivi." Akamwonyesha masharubu ya mbwa, yalikuwa na kitu cha rangi ya kahawa kilichogandia. "Hii ni chokoleti. Tena ile nyeusi, chungu. Mbaya kuliko zote. Watu tunakula, tunafurahi. Mbwa akila, moyo wake unakimbia mpaka unachoka, na akila nyingi hufa. Nilimwona mmoja kule jeshini, mkubwa kuliko huyu mara tatu."

"Halwa ya kizungu?" Muhdhar akashangaa. "Hapana kitu hicho nyumbani humu. Bwana Pamba alinipa kopo wakati wa Idi, kweli, lakini lilitoka zamani. Radhiya alimpelekea jirani."

Nyuma ya pazia palikuwa kimya. Ulikuwa ule ukimya wa mke ambao mume aliyekaa naye miaka anaujua.

"Radhiya," akasema Muhdhar.

"Lilirudi," ikasema sauti.

*

Hapa nitawaeleza mimi, maana Radhiya alivyoeleza siku ile, kwa kigugumizi, kwa kulia na kwa kuruka mengine, hata Mgoa alimwomba aanze upya.

Kwetu bakuli la jirani halirudishwi tupu. Jirani akikuletea mkate wa sinia, utakula mkate, utaosha sinia, na utatia kitu ndani yake ndipo urudishe: maembe mawili, kipande cha papa, hata chumvi. Ukirudisha tupu umemtukana yeye na aliyemzaa. Basi baada ya Idi Radhiya alikuwa na sinia la Umulkheir, mshona kofia wa nyumba ya pili, na chumbani hakuwa na kitu cha kutia. Akaona lile kopo la Mzungu, lenye picha ya msichana na ng'ombe. Ndani mlikuwa na kitu cheusi kilichoyeyuka kwa joto na kuganda kuwa kimoja. Nani ajuaye kama hamna mafuta ya nguruwe? Akalitia kwenye sinia, akapeleka. Kabla ya hapo alionja kidogo ili asimpe mwenzake kitu kibovu, na tundu la kijiko lilipoonekana, akaliweka kopo juani hadi likayeyuka, likawa laini juu kama halijaguswa. Akajiona mwerevu sana.

Umulkheir naye alikuwa na bakuli la Bi Mwanamkisi, mwalimu wa wasichana wa mtaa, mjane, nyumba yake ng'ambo ya kichochoro. Kopo likavuka. Na Bi Mwanamkisi alikuwa na sahani ya Radhiya. Wala hakujua, masikini, kopo lilianzia wapi, maana mtu akipeleka kitu alichopewa hasemi alipewa na nani. Kwa hiyo, baada ya siku zake za kutembea, kopo likabisha hodi tena kwa Radhiya, kifuniko kimefungwa vizuri, msichana na ng'ombe wake wakimtazama.

Radhiya aliumia. Mtu akitoa zawadi, nayo izunguke mtaa mzima irudi kwake, maana yake watu wote wameikataa. Kuitupa hakuweza, chakula hakitupwi. Kuila alihofia nguruwe. Kuipeleka tena, angempelekea nani? Ndipo hasira ikamletea wazo. Alilegeza kifuniko kwa kisu bila hata kuchungulia ndani, akalisukuma kopo kwa ufito hadi upande wa pili wa mstari. "Cha Mzungu, na kiende kwa mbwa wa Mzungu," akasema, na akaenda zake kukoroga uji, roho yake imetulia. Tobi alikiondoa kifuniko mwenyewe kwa pua. Alipomaliza, kopo lilikuwa linang'aa ndani kama limesuguliwa kwa mchanga.

*

"Amekula asubuhi," akasema Fonseka, "na sasa ni mchana. Sawa. Swali langu ni moja tu. Amekula kiasi gani?"

"Kopo," akasema Muhdhar.

"Kopo zima? Lilikuwa limejaa?" Fonseka akatoa mkobani chupa ndogo ya buluu, akaiweka juu ya goti. "Nisikilizeni vizuri. Hii ni dawa ya kutapisha, kali. Mbwa mdogo namna hii, dawa hii inaweza kuusimamisha moyo wake. Akiwa amekula kopo zima, atakufa tu, afadhali tujaribu. Akiwa amekula kidogo, tukimpa makaa ya kusaga na maji, akapata kivuli na utulivu, atapona mwenyewe, na mimi nikimpa dawa hii nitakuwa nimemuua. Sasa niambieni. Nyingi au kidogo?"

Muhdhar alitazama ile chupa. Aliona ghala, aliona funguo za ghala zikitolewa mkononi mwake, akaona wale watu wa kahawa wakisimama tena. Kisha akamtazama mbwa, akaona aibu kwamba amefikiria funguo kwanza.

"Radhiya, lilikuwa zito?"

"Lilikuwa kopo la bati. Bati ni zito."

"Hukuchungulia?"

"Nalikuwa na hasira, Muhdhar. Mtu mwenye hasira hachungulii."

"Basi waulizwe waliokuwa nalo," akasema Fonseka. "Haraka."

Radhiya alipanda darini akawaita majirani waje, "Umulkheir, ndoo. Ndoo sasa hivi, na Bi Mwanamkisi naye." Wakaja kwa mlango wa wanawake, wakaketi wote watatu nyuma ya pazia. Kwa hiyo Mgoa hakuona mtu hata mmoja. Alisikia sauti tu na vikuku. Mbele yake kitambaa cha buluu, kando yake mbwa anayetetemeka.

"Mabibi, samahani," akakiambia kitambaa. "Kopo lilipofika kwenu lilikuwa na kiasi gani, na lilipotoka lilikuwa na kiasi gani?"

"Kwangu lilifika limejaa, likatoka limejaa," ikasema sauti ya Umulkheir, haraka. "Mimi kitu chenye shaka sitii mdomoni. Bi Mwanamkisi mwenyewe alitwambia darasani, halwa za kizungu zina shaka, ziacheni."

"Kwangu lilitoka limejaa," akasema Radhiya. "Lilikuwa laini juu, hamkuona?"

"Laini kabisa," akasema Umulkheir.

"Mtu akiliyeyusha juani," akasema Fonseka taratibu, "linakuwa laini."

Muhdhar, ambaye alikuwa hajasikia habari za jua, alilitazama pazia kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama mlango wa benki, asijue ndani mna nini.

"Kijiko kimoya," akasema Radhiya hatimaye. "Nalionja. Kwa ajili yake Umulkheir, nisimpe kibovu."

"Kwa ajili yangu," Umulkheir akarudia. "Ahsante. Mimi, wallahi..."

"Usiape." Hii ilikuwa sauti ya tatu, ya kizee, tulivu. Bi Mwanamkisi alikuwa hajasema neno tangu aketi. "Usiape, mwanangu. Mbwa hana haja ya kiapo."

Umulkheir alikuwa mtu wa maneno, mwenye sifa ya kushona kofia ambazo maharusi huziombea zamu, na hakuzoea kushikwa. "Basi na mimi kijiko," akasema.

"Cha chai?" akauliza Fonseka.

"Cha kupakulia."

"Kimoja?"

"Kimoya kila nikimaliza upande wa kofia."

"Ulimaliza pande ngapi?"

"Mwezi ule kazi ilikuwa nyingi," akasema Umulkheir kwa sauti ndogo, na Radhiya, juu ya machozi yake, alijikuta anacheka. Umulkheir alimfinya paja.

Fonseka aliokota kopo tupu kando ya mbwa, akapiga hesabu kwa vidole kwenye ukuta wake. Akatikisa kichwa. "Bado. Hata tukitoa hivyo vyote, zaidi ya nusu ilibaki. Nusu ya kopo hili inatosha kumuua." Tobi alitapika kidogo, akajaribu kusimama, miguu ikamkataa. Fonseka akafungua chupa ya buluu. Harufu yake ilifika hadi nyuma ya pazia. "Bwana Muhdhar, mshike kichwa."

Muhdhar alivuka mstari wa mkaa. Alipiga magoti katika kanzu yake ya sala, akakishika kichwa cha mbwa kwa mikono miwili, na mbwa akamlamba kidole gumba. Ilimuuma moyo. Hakutegemea kuumwa moyo kwa ajili ya kitu hiki.

Sasa mtazameni Bi Mwanamkisi. Amesomesha mama na mabinti wa mtaa ule, amewafundisha kutawadha, kusoma, kuketi, kunyamaza. Akipita, wasichana hushusha mato. Yeye ndiye aliyesema kitu kile kina shaka. Umulkheir na Radhiya wapo hapo kando yake, masikio yote mawili mawili, na nje ya pazia wanaume wawili, mmoja wao mwenye duka ambalo mji mzima hupita. Angenyamaza, nani angejua? Kopo lilikuwa tupu, na mbwa hasemi. Alizishika shanga za tasbihi yake akavuta moja, akaiacha. Alikuwa akiogopa, na alijijua kuwa anaogopa, na jambo hilo lilimkasirisha.

"Bwana Daktari," akasema, "weka chupa tini, hapo sakafuni."

Mkono wa Fonseka ukasimama.

"Halikuwa na nusu. Lilipotoka kwangu lilikuwa na kitu kidogo tini kabisa, kama mafuta yanavyobaki kwenye kaango. Lililobaki nimelila mimi."

Umulkheir aligeuka polepole kumtazama mwalimu wake.

"Bi Mwanamkisi," akasema Radhiya, "si ulitwambia lina shaka?"

"Nalisema lina shaka. Na mwalimu akiwa na shaka hutafiti. Nikaonja nikimtafuta nguruwe. Sikumwona. Nikasema pengine amejificha tini zaidi, nikaonja tena. Kila baada ya kahawa ya alasiri nalimtafuta." Akaiweka tasbihi mapajani. "Mimi tangu mume wangu kufa hapana mtu aliyeniletea kitu kitamu mimi kama mimi. Huleta cha mwalimu: nazi, mchele, shilingi ya Ijumaa. Kile kilikuwa kichungu halafu kitamu, na kilikuwa changu peke yangu, na naliona haya. Nikabakisha kidogo ili sahani isirudi tupu. Sasa nimesema. Muokoe mbwa."

Fonseka aliifunga chupa. "Bibi," akakiambia kitambaa, "hamna nguruwe ndani. Ni mbegu za mti, na sukari." Kisha akageuka kwa Muhdhar na sauti yake ikawa ya kazi. "Makaa safi ya jikoni. Yasage yawe unga, koroga na maji, tutamnywesha kidogo kidogo. Maji mengine awekewe karibu. Asipewe maziwa, asipewe samli, asitembezwe. Anataka mahali penye giza na baridi, pasipo kelele, na mtu wa kumtazama. Wapi hapo?"

Muhdhar alitazama nyumba yake. Penye giza na baridi palikuwa mahali pamoja tu, chumba cha ndani kabisa, chenye madaka, vile vishubaka vya chokaa, na sahani za ukutani za mamake Radhiya, ambacho hata wifi zake huvua viatu mlango wa mbali. Hakuthubutu kusema.

Radhiya naye alikiona. Alifikiri mstari wake, alifikiri mikeka, sala, majirani. Mbwa alikohoa. "Bi Mwanamkisi," akauliza, "nitakuwaje?"

"Udongo upo na mai yapo," akasema mwalimu. "Alipogusa pataoshwa mara saba, moya kwa udongo, kama tulivyosoma. Nitakuja kuosha nawe mwenyewe. Mtie ndani."

*

Wakamtia ndani. Muhdhar alimbeba kifuani, kanzu ikaharibika palepale. Radhiya aliketi kizingitini na bakuli la maji ya makaa na kijiti cha kukorogea, na kila mbwa alipotetemeka alimwambia, "Tulia, we kiumbe. Tulia. Mimi ndiye niliyekupa, nisamehe." Alikuwa akilia waziwazi sasa, wala hakumficha mumewe. Muhdhar alimletea kahawa, jambo ambalo si la kila siku, akaketi naye.

"Ungeniambia mapema," akasema, "nisingekimbia kichochoro kizima nisijue mbwa ana nini."

"Ningekuambia nimempa mbwa zawadi yako ya Idi?"

Muhdhar alifikiri. "La," akasema. "Usingeniambia."

Alasiri moyo wa mbwa ulipungua mwendo. Magharibi alikunywa maji kwa adabu, bila pupa, akalala. Asubuhi alisimama mlangoni mwa chumba cha ndani, akatikisa mkia, akavuka mstari wa mkaa kwa miguu yote minne akamwendea Radhiya jikoni. Radhiya alipiga kelele kama kawaida, akamfukuza kwa ufito, lakini ufito haukumfikia.

Wale wanawake watatu waliosha chumba. Mara sita kwa maji, mara moja kwa udongo, Bi Mwanamkisi akihesabu na Umulkheir akilalamika kiuno. Bwana Pamba aliporudi, Muhdhar alimweleza habari yote akiwa amesimama, isipokuwa majina. Alikuwa amekwisha kuzitoa funguo za ghala mfukoni na kuziweka mezani. Mzungu alisikiliza, mbwa mapajani. Uso wake ukawa mwekundu.

"Mimi nilikuwa nikimpa kipande cha chokoleti," akasema. "Kila jioni. Nilidhani namfurahisha." Akazisukuma funguo zirudi kwa Muhdhar, na hakusema zaidi, ila tangu siku ile alimwuliza Radhiya hali kila alipopita, na Radhiya alimjibu kupitia mlango.

*

Hapo kisa kingekwisha, lakini Fonseka alikuwa na mdomo. Hakuwa mbaya, alipenda tu hadithi, na hii ilikuwa nzuri. Dukani kwake alimweleza kila mnunuzi wa mafuta ya mnyonyo jinsi sauti ya tatu nyuma ya pazia ilivyokula nusu ya kopo ikimtafuta nguruwe. Jina hakulitaja, uso hakuuona. Lakini mtaa wetu una nyumba chache na midomo mingi, na hesabu yake si ngumu.

Siku moja asubuhi, wasichana wameketi darasani kwa Bi Mwanamkisi, vitabu mapajani, aliingia Bi Hadia, mwanamke mwenye mali na mwenye sauti, mama wa mmoja wa wale wanafunzi. Nyuma yake waliingia kina mama wengine kama sita, maana jambo kama hili mtu hakosi. Radhiya na Umulkheir walikuwapo, wameleta mkate.

"Sitaki kumsengenya mtu," akasema Bi Hadia, na akasimama katikati ya chumba. "Nimekuja kuuliza mbele ya uso. Kuna mtu mtaani humu aliwaambia watu kitu kina shaka, kisha akakila kwa kijiko. Kama ni yule ninayedhani, mwanangu atasoma kwengine. Ni nani?"

Wasichana waliinamisha vichwa. Bi Mwanamkisi alifunga kitabu chake.

"Ni mimi," akasema Umulkheir.

Watu wakageuka. Mwanamke yule aliyetaka kuapa kwamba hakuonja alikuwa amesimama, mikono kiunoni. "Mimi ndiye niliyekula. Nusu kopo, na laiti ningepata jingine."

"Usimsikize," akasema Radhiya akisimama naye. "Ni mimi. Kopo lilikuwa langu tangu mwanzo. Nimelila lote, na mbwa nikamwachia harufu."

"Muongo huyu. Yeye alikula kijiko tu, namjua."

"Mimi? Mimi tumbo langu unalijua wewe?"

"Kaeni kitako," akasema Bi Mwanamkisi. Wakaketi, kwa sababu alikuwa amewaketisha hivyo tangu wana miaka saba. "Nimewasomesha nyote wawili, na uwongo sikuwasomesha." Akamtazama Bi Hadia, na safari hii hakushika tasbihi. "Ni mimi, mama. Naliwaambia wengine waache, na mimi sikuacha. Hilo ni kosa langu, na wasichana hawa wamelisikia kwangu, hawatalisikia pwani. Ukimtoa mwanao, ni haki yako."

Bi Hadia aliwatazama wasichana, akawatazama Radhiya na Umulkheir walioketi bega kwa bega, na akatazama mlango aliouingia. Kisha akasogea, akainama karibu kabisa na mwalimu, na kwa sauti ambayo alidhani hapana mwingine ataisikia akauliza, "Kilikuwa na ladha gani?"

Bi Mwanamkisi akampisha nafasi kwenye mkeka. Darasa la siku ile lilichelewa kuanza.